Ukurutu wa mti si ugonjwa: hotuba niliyotoa Gede, kwa mliokosa kuja

Wengi mlinipigia mkasema mvua iliwazuia, wengine mlikuwa shamba, kwa hivo nimeandika yote hapa kama nilivosema siku ile, juu ya laikeni, vile viraka vya kijivu na vyeupe kwenye mashina na majani ambavyo wengi tunaviita ukurutu wa mti. Picha nilizoonyesha ukutani sikuzitia, mtanifuata kwa maneno tu.

Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote? Wazee wangu mlioketi hapo mbele, shikamooni. Mama zangu wa kikundi cha miche nawaona, ahsanteni kwa chai na mahamri. Na nyinyi vijana mlioko nyuma, sogeeni jamani, sogeeni, leo hatuna kipaza sauti na nnachotaka kuwaonyesha ni kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Nimeshika jani. Jani la mwembe, nimelichuma hapo nje nikiingia, tawi la chini kabisa penye kivuli. Litapita mkono kwa mkono, mtu alitazame kisha ampe mwenzake. Mwaona nini? Mama hapa amesema madoa. Mzee amesema ugonjwa. Kijana yule amesema kinyesi cha ndege. Haya, nimewasikia nyote, na mimi nilisema hivo hivo kwa miaka mingi sana.

Babu yangu alikuwa na minazi na mikanju upande wa Mambrui. Kila likizo ya Disemba sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa moja, kukwaruza mashina. Tulipewa vipande vya vifuu, vikali, tunakwaruza vile viraka vyeupe na vya kijivu mpaka gome linabaki jekundu kama ngozi iliyochubuka. Babu aliita ukurutu wa mti. Na naomba mnielewe, babu alikuwa mtu wa kupenda miti, mkanju wake ukiangushwa na upepo alikuwa hali vizuri siku hiyo, kwa hivo alipotutuma kukwaruza alikuwa anaufanyia mti kama mama anavomfanyia mtoto mwenye ukurutu kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia vingine. Mkanju mmoja tuliukwaruza mpaka ukatoa utomvu, mwaka uliofuata kwenye zile alama zetu wadudu walikuwa washaingia, na tawi lile likakauka. Tuliuumiza sisi, kwa mikono yetu, tukidhani twautibu. Hilo limenikaa moyoni mpaka leo na ndio sababu nimesimama hapa mbele yenu.

Sasa kile ni nini hasa?

Fikirieni nyumba. Kuna fundi, anajua kujenga lakini kupika hajui, ukimwacha peke yake atalala njaa. Na kuna mpishi hodari lakini hana paa, ukimwacha juani atakauka. Wakikutana wakakaa pamoja, fundi anajenga kuta na paa, anakinga jua kali, anashika maji ya mvua na umande, na mpishi anakaa ndani, anachukua mwangaza na hewa anapika sukari, wanakula wote wawili. Fundi ni kuvu. Mpishi ni mwani, na simaanishi ule mwani wa baharini ambao mama zetu wa Kwale wanaulima na kuuanika, huu ni mwani mdogo mdogo ambao kwa jicho tupu huuoni. Nyumba yao hiyo ndio wataalamu wanaiita laikeni. Duniani zinakadiriwa kufika karibu aina 20,000. Na kuna laikeni ambazo mpishi wake si mwani, ni bakteria wa kijani-samawati, hao wanaweza hata kunasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hivo laikeni ile ikianguka chini ikaoza ni mbolea, mbolea ambayo hukununua.

Narudia tena kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo: si mmea mmoja. Ni nyumba. Ukikwaruza, hukwaruzi doa, unabomoa nyumba ya watu.

Na msione haya kama hamkujua, manake hata wasomi wakubwa waligombana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1867 Mswisi mmoja, Simon Schwendener, alisimama mbele ya wenzake akasema laikeni ni viumbe viwili vinavoishi pamoja. Walimkataa! Kulikuwa na bwana mmoja mkubwa sana kwenye elimu hii, William Nylander, Mfini aliyekuwa akiishi Paris, huyo alikataa mpaka anakufa mwaka 1899. Alikuwa ametazama laikeni maelfu kwa maelfu, ametoa majina kwa aina nyingi kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake, na bado hakukubali kwamba kitu alichokipenda maisha yake yote kilikuwa wawili. Mimi humfikiria sana bwana yule. Kisha mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakatangaza kwamba kwenye laikeni nyingi, ndani ya ile ngozi ya juu, kuna kuvu mwengine tena, wa tatu, aina ya hamira. Miaka karibu 150 watu wanatazama kwa darubini na hawakumuona! Sasa mimi na wewe tunaopita na panga mkononi tuna haraka gani?

Tulirudie jani, liko wapi? Limefika kwa kina dada, sawa, lisipotee.

Laikeni nyingi mnazozisoma vitabuni ni za mawe na za magome, na sifa yao ni taratibu, nyengine hukua milimita moja kwa mwaka, hata chini ya hapo. Mtu anazaliwa anazeeka na kiraka kile hakijafika upana wa sahani. Sasa hebu niambieni, wa kwenye jani afanye nini? Jani halina miaka mia. Jani litaanguka. Yule aliyejenga juu ya jani amejenga nyumba kwenye kiwanja ambacho anajua kitaondoka, kwa hivo hana muda wa kuzembea, lazima afike, ajenge, azae, na atume watoto jani jengine kabla hili halijadondoka. Na wanafanya! Wapo aina zaidi ya 800 duniani wanaojulikana kuishi juu ya majani, karibu wote nchi za joto kama hizi zetu, na kule Costa Rica watafiti walihesabu aina zaidi ya 40 kwenye jani moja. Jani moja ndugu zangu. Ni mtaa mzima wa Mji wa Kale wa Lamu umejengwa juu ya kitu unachokunja ukakitia mfukoni.

Na wanavozaa ndio kunanifanya nishindwe kulala. Wengi wao wanategemea spora, vijimbegu vya kuvu, lakini spora ikiruka inamwacha mpishi nyuma, ikitua jani jipya lazima itafute mwani pale pale au ife njaa. Sasa baadhi ya hawa wa majani wamepata njia yao, wanaotesha kitu kama unywele uliosimama, wengine kama kipande cha gamba, wengine kama kijiko kilichoinama, na juu yake wanaweka vipande vya kuvu na mwani vimeshikana, fundi na mpishi wamefungashwa pamoja. Tone la mvua likipiga, hao wanasafiri wote wawili. Unahitaji lenzi kuviona, ile ya kukuza mara kumi inatosha, na ukishaona mara moja hutapita tena kwenye kichaka ukakiita kichaka tu.

Wazipata wapi hapa kwetu? Si juani. Tafuta jani gumu, la mti usiopukutisha kila kiangazi, jani lililokaa zaidi ya mwaka, kwenye kivuli chenye unyevu. Hapo kwenye magofu ya Gede, ule mji wa kale wa Waswahili, ile miti iliyoota katikati ya kuta tangu watu wahame karne ya 17, tazameni majani ya chini. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke mabondeni penye miti iliyofunga, sio kule kwenye miti ya mirihi kulikowazi sana, huko tazameni zaidi mashina. Na kwenye makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, lakini kaya usiingie bila wazee, na usichume kitu, ukiruhusiwa kutazama utazame kwa macho utoke.

Sasa wakulima, nyinyi nimewaweka makusudi, manake najua swali mlilokuja nalo. Je, inaua mwembe wangu?

Ntawapa kisa. Jirani yangu mmoja ana miembe ya ngowe na boribo, mingi ya zamani, baba yake ndio aliipanda. Akaona matawi yanakauka na mashina yamejaa viraka vyeupe, akaenda duka moja la dawa za kilimo na kipande cha gome mkononi, akaambiwa hiyo ni fangasi, akauziwa dawa, akapiga mara tatu. Mara tatu! Pesa ile ilikuwa ya ada ya mtoto. Viraka vyengine vikageuka rangi vikafa, na mti ukaendelea kukauka vile vile. Aliponiita tukachimba chini, maji yalikuwa yametuama pale tangu jirani wa juu ainue kiambaza chake, mizizi imeoza na mchwa wameingia. Yule bwana alikaa chini hakusema neno. Mti ule haukupona.

Mwaona lilivokwenda? Mti unapoanza kufa kwa sababu zake, majani yanapungua juu, mwangaza unafika kwenye shina, na laikeni ikipata mwangaza inastawi. Wewe unaona mti unakufa na laikeni imejaa, unasema laikeni imeua. Laikeni haina mizizi ya kunyonya mti. Imekaa juu ya gome tu, chakula chake inapika yenyewe, maji yake yanatoka mvua na umande. Ni sawa na kumkuta mtu amekuja matangani ukamwambia wewe ndiwe uliyemuua marehemu.

Lakini nisiwadanganye, kwenye majani kuna jambo moja la kuangalia, na hapa naomba msikilize vizuri kwa sababu watu wanachanganya. Mwembe, mkanju, mpera, hata chai na kahawa huko bara, hupata madoa ya rangi ya kutu, ya machungwa, yenye kamanyoya ukipitisha kidole, kama mahameli. Ile si laikeni. Ile ni mwani peke yake, jina lake Cephaleuros, ni wa kijani lakini umejipaka rangi ya machungwa, na huyu huingia chini ya ile ngozi ya nta ya jani na kweli anaweza kuliumiza. Huyu ndiye ugonjwa wenu. Sasa sikieni ajabu: kuna kuvu, jamii ya Strigula, humfuata mwani huyu huyu pale pale chini ya nta akamjengea nyumba, na yale madoa ya kutu yakawa madoa ya kijivu au ya kijani kilichopauka yenye vitone vyeusi. Hayo ndiyo mengi ya kwenye jani nililopitisha. Mpishi yule yule! Akiwa peke yake ni msumbufu, akipata fundi anakuwa na nyumba yake. Hiyo Strigula bado imekaa chini ya nta na jani inalitia kivuli kidogo, sitawaambia haina mzigo kabisa, lakini si ya kuuzia ng'ombe ukanunue dawa.

Ukiona kutu nyingi, mti unakwambia kuwa umechoka. Umefunga sana, hewa haipiti, maji yametuama chini, au hujautia samadi tangu mwaka juzi. Pogoa, ufungue katikati jua liingie, fungua mtaro, tia samadi. Ikizidi mno zipo dawa za shaba, umuulize afisa wa kilimo, umpelekee jani lenyewe akalione. Na zile laikeni za jani na za shina, ziache. Ziache tu.

Nataka kidogo nizungumze mashina, hasa mnazi. Nani hapa hana mnazi? Ukitazama shina la mnazi upande usiopigwa na jua mchana utaona viraka vya kijivu vilivyojikunja pembeni kama ubati uliochomwa, mojawapo ni Pyxine cocoes, na hilo jina la pili lilitokana na mnazi wenyewe. Utaona poda ya manjano kama mtu amemwaga bizari. Na kwenye magome laini utaona maandishi.

Naam, maandishi. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo, siku moja alinivuta mkono akaniambia mjomba njoo uone, mti umeandikwa alifu, ile herufi ya kwanza ya Kiarabu. Nikaenda. Kwenye gome jeupe kulikuwa na mistari myeusi, myengine imenyooka, myengine imepinda na kugawanyika, na kweli ile mmoja ilikuwa alifu kabisa, na pembeni yake kama lam. Alikuwa amekaa pale saa nzima akijaribu kusoma. Sikumcheka hata kidogo, manake waliotangulia waliona hayo hayo, waliita laikeni hiyo Graphis, kutokana na neno la Kigiriki la kuandika, na ukoo wake una aina zaidi ya 2,000, wengi wao nchi za joto. Ile mistari ni midomo, hapo ndipo spora zinapotokea. Ukikwaruza kidogo sana kwa kucha, pembeni tu, chini yake mara nyingi utaona rangi ya manjano au ya machungwa, huyo ni mpishi ndani, mwani aina ya Trentepohlia, yule yule anayepaka machungwa kuta zetu za chokaa zenye unyevu. Nimesema kidogo sana. Na mara moja tu.

Haya sasa nyinyi wa Lamu mliokuja na basi la alfajiri, nimewaweka mwisho si kwa kuwadharau.

Marere. Nani anajua marere? Inueni mikono. Mmoja, wawili, mzee wangu pale, watatu. Mmeona jamani? Neno hili limo kwenye kamusi za zamani za Kiswahili na leo ukumbi mzima watu watatu. Marere ni laikeni, wataalamu wanaiita Roccella, huota kwenye miti na vichaka vya karibu na bahari, inaning'inia kama tepe za kijivu zilizopauka, inapenda upepo wa chumvi. Na karne ya 19 marere ilikuwa biashara. Biashara kubwa ya watu wa pwani hii, ilichumwa, ikakaushwa, ikafungwa magunia, ikapakiwa majahazini kwenda Zanzibar na kutoka huko kwenda Ulaya. Bandari ya Lamu ilikuwa ikiuza marere pamoja na ngozi na pembe na boriti. Walitaka nini nayo? Rangi. Zambarau. Marere ilivo ni kijivu, haina uzuri wowote, lakini ukiiloweka kwenye amonia, zamani walitumia mkojo, ukaikoroga ipate hewa, ukangoja wiki kadhaa, inageuka zambarau nzito ya kutia sufu na hariri. Mabwana na mabibi wa huko walivaa rangi iliyotoka kwenye vichaka vyetu na hawakujua, na mchumaji wa huku naye sidhani alijua tepe zile zinakwenda kuwa nini.

Ikaishaje? Mwaka 1856 huko London kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, hii malaria yetu. Hakupata kwinini. Alipata uchafu mweusi ambao ukiuyeyusha unatoa zambarau. Ndio ikawa rangi ya kwanza maarufu ya viwandani, zikafuata nyengine nyingi, na polepole magunia ya marere yakakosa mnunuzi. Jina likasahaulika kwa sababu kazi yake ilikwisha.

Lakini haikwisha yote. Waalimu, nyinyi mlio hapa, na watoto wa kidato cha kwanza, mmefanya kemistri, si ndio? Ile karatasi ya litmasi, ukitia kwenye ndimu inageuka nyekundu, ukitia kwenye maji ya sabuni au ya jivu inageuka samawati. Imetoka wapi? Kwa desturi litmasi hutengenezwa kwa laikeni, na hasa jamii ya Roccella. Jamii ya marere! Nilisoma shule ya sekondari hapa hapa pwani, mwalimu akatugawia karatasi moja watu sita, akasema muitunze ni ghali, inatoka nje. Inatoka nje! Na dirishani pale mkwaju ulikuwa umesimama na tepe za kijivu zinaning'inia. Mwalimu hakuwa na kosa, naye hakufundishwa. Mimi nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, na siku niliyojua nilirudi pale shuleni nikasimama chini ya ule mkwaju muda mrefu.

Kwa hivo ombi langu kwa watu wa Lamu, Manda, Pate, Siyu, kote huko: mkikaa na wazee waulizeni neno hili. Nani alichuma, alichuma wapi, aliuza kwa nani, kulikuwa na wimbo, kulikuwa na bei. Wanaokumbuka waliyosikia kwa babu zao hawatakaa nasi milele. Andikeni, rekodini kwa simu, simu mnazo.

Jambo la mwisho ni hewa, nalo nitalipita kwa kasi kwa sababu naona mama wa chai ananitazama. Laikeni haina mizizi na haina ile ngozi ya nta ya kujikinga, kinachoshuka na mvua inakinywa, kiwe kizuri kiwe kibaya. Mwaka 1866 yule yule Nylander, huyo niliyewaambia, aliona kwamba bustani ya Luxembourg katikati ya Paris ilikuwa bado na laikeni ambazo mitaa mengine ya mji haikuwa nazo tena, akasema laikeni inapima usafi wa hewa. Hapo alikuwa na haki kabisa. Moshi wa makaa ya mawe, ile gesi ya salfa ndani yake, unaua laikeni nyingi kabla mtu hajaanza kukohoa. Na mwaka 1986 kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, wingu la mionzi lilifika Norway na Sweden, laikeni zikainywa sumu ile, paa wa huko wa baridi wanaokula laikeni wakaibeba kwenye nyama, na wafugaji wakalazimika kutupa nyama yao.

Sasa fikirieni Lamu. Mikoko ya Kenya zaidi ya nusu iko Lamu, na magome ya mikoko yamejaa laikeni. Mnakumbuka ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe, leseni yake ilifutwa na Tribunali ya Mazingira mwaka 2019. Wakati ule watu walibishana hewa itakuwaje, na mimi nilikuwa najiuliza, nani ameandika ni laikeni gani ziko kwenye mikoko sasa hivi, ili kesho tukiulizwa kumebadilika nini tuwe na la kujibu? Kuna kitabu kizuri cha Swinscow na Krog cha mwaka 1988 juu ya laikeni za Afrika Mashariki, lakini hicho ni cha zile kubwa kubwa. Hizi ndogo za magome na majani ya pwani zinangoja macho. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuanza: mti ule ule, kipande kile kile cha gome kimepimwa kwa rula, picha ile ile kila mwaka baada ya masika. Wanafunzi niliotoka nao walilinganisha laikeni za miembe iliyo ukingoni mwa barabara ya Mombasa na iliyo ndani mashambani, wakakuta za barabarani ni chache, na mmoja wao alinyamaza kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hivo sisi tunaokaa barabarani tunavuta nini?" Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Swali lake nimelibeba nimekuja nalo.

Kuna mtu kaniuliza pale mlangoni kama ni kweli laikeni zilipelekwa angani. Ni kweli. Mwaka 2005 zilipelekwa na chombo cha Foton-M2, zikaachwa wazi kwenye utupu na jua kali karibu siku 15, zikarudi zikiwa hai. Na nyinyi watu wa Ngomeni mambo ya angani hamshangai, satelaiti ya Uhuru ilirushwa hapo kwenu tarehe 12 Disemba 1970. Lakini hizo zilizosafiri zilikuwa za mawe ya baridi na milima. Hii ya kwenye jani ukiliacha jani likauke juani siku kadhaa tu, yaweza kuwa basi. Ndio maana nimesema jani lile lisikae mfukoni mwa mtu.

Limerudi? Nipeni. Ahsante dada.

Basi tunatoka sasa. Lenzi ninazo kumi na mbili na sisi ni wengi, kwa hivo watatu watatu, wazee mtangulie. Tunaanza na mwembe huu wa mlangoni, tawi la upande wa kisima ambalo jua halijafika, kisha minazi mitatu pale, kisha tutatembea mpaka ukuta wa magofu. Lenzi unaileta karibu na jicho kabisa, kisha jani ndio unalisogeza, sio kichwa. Vifuu na visu viacheni hapa mezani.